Njia ya Wazee Wetu: Matembezi ya Jamaa Katika Mashamba ya Mitwero

Mwulize mtoto wako wa miaka kumi akutajie jina la baba yake, atalitaja mara moja. Mwulize jina la babu yake, huenda akalitaja. Kisha mwulize jina la baba wa babu yake, na alipozikwa, na kazi aliyokuwa akiifanya, utamwona ananyamaza na kukutazama wewe. Na wengi katika sisi wazazi, tukiulizwa hayo hayo, hatuna jawabu lililo bora kuliko kimya chake.

Jambo hili, enyi ndugu, si la kupuuzwa. Mtume wetu s.a.w. ametufunza tuzijue nasaba zetu kwa kadiri ya kutuwezesha kuunga udugu. Na mtu ataungaje udugu na watu asiowajua? Zamani hapakuwa na haja ya kulifanyia jambo hili mpango wowote. Mtoto alifuatana na babu yake kwenda shamba, na njiani akaonyeshwa: mwembe huu aliupanda fulani, hapa palikuwa na nyumba ya bibi yako, na kule nyuma ya minazi wamelala jamaa zetu. Shamba ndilo lililokuwa kitabu, na kutembea ndiko kulikokuwa kusoma. Leo mtoto huzaliwa na kukulia Dar es Salaam, huja Lindi kwa basi siku tatu za Idi, akakaa uani na simu mkononi, kisha akarudi alikotoka. Na babu naye huitwa na Mola wake, na kitabu kikafungwa.

Katika makala haya twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu namna ambayo simu hiyo hiyo tunayoilaumu kila siku yaweza kumtoa mtoto uani na kumrudisha katika njia ya wazee wake. Tumechagua Mitwero iwe mfano wetu, nayo ni kata iliyo kaskazini ya mji wa Lindi, upande wa barabara ya kwenda Kilwa. Lakini tutakayoyasema juu ya Mitwero yafaa vile vile kwa Mchinga, Mingoyo, Kilwa Kivinje, na kila mahali ambapo Waislamu wana shamba na wana makaburi.

MCHEZO WA KISANDUKU

Tarehe 2 Mei 2000 Serikali ya Marekani iliondoa kizuizi ilichokuwa imekiweka katika satelaiti zake zinazomjulisha mtu mahali alipo. Kabla ya siku hiyo chombo cha raia wa kawaida kiliweza kukosea kwa kadiri ya mita 100. Baada yake kosa likapungua mara kumi hivi. Kesho yake, tarehe 3 Mei, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alikwenda msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaficha ndoo nyeusi iliyokuwa na daftari, kalamu na vitu vidogo vidogo. Akawatangazia wenziwe tarakimu za mahali pale, na haukupita muda watu wakafika, wakaiona, wakaandika majina yao. Mchezo ule ukapewa jina la jiokashingi, nao ukaenea katika nchi nyingi. Visanduku vilivyofichwa duniani leo vyapita milioni tatu.

Kanuni zake ni nyepesi. Mwenye kuficha huchagua mahali pazuri, huweka chombo kisichoingia maji, na kuwapa wengine tarakimu za pale pamoja na fumbo dogo. Mwenye kutafuta akikipata huandika jina na tarehe katika daftari, na akichukua kitu humo huacha kingine chenye thamani sawa nacho. Kisha hukirudisha vile vile alivyokikuta, ili na mwenziwe atakayekuja nyuma apate furaha ile ile.

Mambo haya yana mfano wa kale zaidi. Mwaka 1854 kiongozi wa wasafiri aitwaye James Perrott aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, katika nyanda za Dartmoor huko Uingereza, na kila aliyeweza kufika pale kwa miguu aliacha kadi yake ndani ya chupa kuwa ushahidi. Na siku hizi katika nchi za Ulaya na Marekani ziko jamaa ambazo, akifa mpenzi wao, huweka visanduku katika njia aliyopenda kuitembea, ili wajukuu na marafiki waipite njia ile na kumkumbuka. Hapo ndipo tulipotaka kufika. Kwani mchezo wenyewe ni wa kigeni, lakini haja hiyo si ngeni kwetu hata kidogo.

TARAKIMU NA KIBLA

Huenda msomaji akasema, "Mambo ya tarakimu za satelaiti ni ya wataalamu." Sivyo. Mji wa Lindi uko karibu sana na digrii 10 kusini ya Ikweta, na kiasi cha digrii 39 na dakika 43 mashariki. Digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kilomita 111 hivi. Digrii ikigawanywa mara sitini hupatikana dakika, nayo ni kilomita 1.85, na dakika ikigawanywa mara elfu, fungu moja ni chini ya mita 2. Basi kwa tarakimu chache mtu aweza kuutaja mwembe mmoja katika shamba zima. Simu ya kisasa huzipokea alama za satelaiti hata pasipo na intaneti. Na mahali palipo wazi hukosea kwa kadiri ya mita 3 hadi 5, na penye majani mengi hukosea zaidi. Hatua za mwisho, kwa hivyo, ni za macho na akili, na hapo ndipo ilipo raha ya watoto.

Na asiye na simu ya namna hiyo asihuzunike, kwani Mwenyezi Mungu amewapa watu wa Lindi neema ambayo si kila mji unayo. Makka iko kiasi cha digrii 39 na dakika 49 mashariki, yaani karibu katika mstari ule ule wa Lindi. Kwa sababu hiyo Kibla chetu huku ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na Al-Kaaba iko mbali nasi kwa kadiri ya kilomita 3,500. Mtoto anayeijua mihrabu ya msikiti wake ana dira mkononi. Mwambie, "Toka kwenye kisima hatua arobaini kuelekea Kibla, kisha hatua ishirini kuelekea baharini," naye atakuwa amekwenda kaskazini kisha mashariki pasi na chombo chochote. Ni furaha iliyoje kwa kijana kutambua kwamba uso anaouelekeza mara tano kila siku ndio unaomwongoza porini!

Wala mtu asidhani kwamba kuandika mahali pa kitu kidogo ni jambo duni. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Akazitia koponi, na mahali alipoziokotea akapatia alama katika ramani. Miaka mingi baadaye, mwaka 1979, alipozipeleka zichunguzwe, ikadhihirika kwamba tano katika hizo ni za shaba zilizofuliwa Kilwa, katika zama za masultani wake. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya namna zilivyofika huko ng'ambo ya bahari. Lakini wana pa kuanzia, kwa sababu ya alama moja iliyotiwa katika ramani. Lau isingalikuwa alama ile, zingalikuwa vipande vya shaba tu.

KUMBUKUMBU TULIYOFUNZWA

Wako watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama kuwafanyia maiti kumbukumbu ya namna hii hakutatutoa katika mafundisho ya dini. Jawabu letu ni kwamba inategemea kinachofanywa. Imepokewa kwamba alipokufa Uthman bin Madh'un, ambaye alinyonya pamoja na Mtume s.a.w., Mtume mwenyewe alibeba jiwe akaliweka penye kichwa cha kaburi, ili alijue kaburi la ndugu yake na awazike karibu naye watakaokufa katika ahali zake. Tazameni jambo hilo: alama ndogo, isiyo na fahari, kwa ajili ya kujua na kuunga jamaa.

Na alipokufa Bibi Khadija r.a., Mtume s.a.w. alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama wanawake waliokuwa rafiki zake. Na Abdullahi bin Umar r.a. alikutana na bedui mmoja katika njia ya Makka, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba alichokuwa amekivaa. Wenziwe walipostaajabu, aliwaambia kwamba baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa Umar, naye alimsikia Mtume akifunza kwamba katika wema ulio bora ni mtu kuwaunga waliokuwa wapenzi wa baba yake. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya Kiislamu. Marehemu hukumbukwa kwa dua, kwa sadaka, na kwa kuwatendea wema aliowapenda. Haijengwi kwa vilio, wala kwa kumwomba maiti haja, wala kwa majivuno ya ukoo.

WAZEE WALIOBEBA MIFUPA

Na je, wazee wa Lindi wana ya kukumbukwa? Msomaji na aangalie habari hii moja. Katika kilima cha Tendaguru, ndani ya bara kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa mno walioishi zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Walioshika majembe walikuwa watu wa nchi hii, mamia kwa mamia. Nao ndio walioibeba mifupa ile vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu au nne, mara maelfu, hata zikatimia tani zaidi ya 200 zilizopakiwa melini. Mnyama mmoja wa huko amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na kimo chake chapita mita 13.

Kila mfupa uliandikiwa alama yake na shimo ulimotoka. Lakini katika watu walioubeba, majina ya walio wengi hayakuingia katika vitabu vilivyosomwa duniani. Mmoja aliyejulikana ni Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye ustadi wake ulisifiwa na wale Wajerumani wenyewe. Mwaka 2007, karibu miaka mia moja baada ya kazi ile, mtaalamu mmoja wa Ujerumani alimpa mnyama mpya wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya mzee huyo. Ni jambo jema. Ila yatupasa tujiulize: wale wengine watakumbukwa na nani, ikiwa si wajukuu zao?

Na habari hizo ni nyingi. Wako wazee waliokata mkonge katika mashamba ya Lindi. Wako waliofanya kazi katika ule mpango mkubwa wa karanga wa Nachingwea, ulioanzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Wako waliokishuhudia kimbunga cha Aprili 1952, kilichong'oa minazi na kubomoa nyumba katika pwani hii. Waliokuwa watoto wakati huo wamekwisha pita umri wa miaka sabini, na kila mwaka wanapungua.

NAMNA YA KUITENGENEZA NJIA

Basi jamaa wa Mitwero wakitaka kuitengeneza njia yao, wasianze na visanduku. Waanze na mzee. Akae na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, asimulie majina, kazi na mahali. Kisha siku nyingine, akiwa na nguvu, apelekwe shambani polepole, aonyeshe kwa mkono wake: hapa, na hapa. Kijana azinakili tarakimu za kila mahali katika daftari la karatasi, kwani simu huibwa na kuharibika.

Kisha zichaguliwe stesheni tano au sita, katika mwendo usiozidi kilomita tatu, ili watoto wa miaka saba na kina bibi waweze kuumaliza. Stesheni moja iwe kiwanja cha nyumba ya zamani, nyingine kisima, nyingine mti uliopandwa na marehemu, nyingine mahali anapoonekana bahari yule aliyekuwa mvuvi alipopatazama kila asubuhi. Katika kila stesheni kiwekwe chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, na ndani yake daftari na kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka kwa unyevu. Chakula kisiwekwe kabisa. Chungu na panya watakitangulia.

Humo ndani liwe karatasi moja juu ya mtu mmoja tu: jina lake na la baba yake, kazi yake, tabia moja njema aliyojulikana kwayo, na swali moja ambalo jawabu lake halimo katika karatasi. "Babu yetu huyu alimposa bibi kwa kumpeleka nani?" "Kwa nini shamba hili liliitwa jina hili?" Jawabu la swali hilo sharti mtoto alitafute kwa mtu mzima. Hiyo ndiyo hazina tunayoikusudia, nayo haiingii katika kopo.

Stesheni moja isiwe na kisanduku. Nayo ni nyumba ya mzee aliye hai, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Watoto wafike kwake na kilo ya sukari au chochote kilichopatikana, wampe shikamoo, wakae chini, na wamwombe awaeleze habari za rafiki yake. Mara ngapi mzee wa namna hiyo hukaa barazani mwaka mzima asiulizwe neno na mtu! Tukifanya hivi tutakuwa tumefuata mwendo wa Ibn Umar, na huyo mzee atajua kwamba naye hajasahauliwa.

Stesheni ya mwisho iwe makaburini, bila kisanduku na bila mchezo. Simu zizimwe, watu watoe salamu kwa walio makaburini, wawaombee dua, wafyeke majani, waondoke kwa utulivu. Na katika kurudi, kila mwaka jamaa wapande mti mmoja kando ya njia, mwembe au mkorosho, kwani Mtume s.a.w. amefunza kwamba mwenye kupanda mti, akila katika huo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na miiba na vigae vilivyomo njiani viondolewe, kwani kuondoa lenye kudhuru njiani ni katika imani.

Wakati ulio bora ni kuanzia Juni mpaka Septemba, mvua zikiwa zimekwisha na nyasi zimekauka. Baada ya hapo huingia mavuno ya korosho, na hapana mkulima apendaye kuona kundi la watu chini ya mikorosho yake wakati huo.

ADABU NA MIPAKA

Kwanza, idhini. Shamba lina mwenyewe, hata kama limeota magugu. Aombwe yeye, na mwenyekiti wa mtaa naye apewe habari. Huko Ulaya na Marekani imetokea zaidi ya mara moja kisanduku cha mchezo huu kudhaniwa bomu, askari wakaitwa. Kwetu sisi hatari ni nyingine: mtu akikuta chini ya mti kopo lililofichwa, lenye majina ya watu na vitu vidogo vidogo, atasema ni uchawi, na fitina itaingia katika mtaa. Kwa hivyo juu ya kila chombo paandikwe kwa herufi kubwa kwamba hiki ni cha matembezi ya jamaa fulani, na mtu yeyote yu halali kukifungua na kutazama.

Pili, pasichimbwe ardhi, na chombo kisiwekwe juu ya kaburi wala baina ya makaburi. Tatu, watoto wafunzwe kutangulizwa fimbo kabla ya mkono katika kila tundu na kila rundo la majani, kwa sababu ya nyoka na nge. Nne, tarakimu hizi zibaki katika daftari la jamaa. Hapana haja ya kuwatangazia walimwengu wote mahali ilipo nyumba ya mzee aishiye peke yake. Tano, pasiwe na zawadi ya fedha wala mashindano ya kumshinda mwenzako mbio. Aliyefika mwisho pamoja na bibi yake, akimshika mkono, ndiye aliyeshinda.

Yuko atakayesema kwamba haya yaweza kungoja mpaka mwakani. Tunamwambia kwamba ardhi haingoji. Katika pwani hii hii ya Lindi, eneo la Likong'o limetengwa kwa ajili ya kiwanda cha gesi, na mwaka 2020 wenyeji walilipwa fidia ya mashamba yao. Mahali pengine viwanja hupimwa, barabara hupanuliwa, miti hukatwa. Mti ukikwisha katwa na mzee naye akawa amekwisha zikwa, hakuna satelaiti itakayotuonyesha palipokuwa na nyumba ya bibi. Lakini kama mahali pale pameandikwa, pamoja na jina na habari za aliyepaishi, mjukuu aweza kusimama hapo hata pakiwa na lami, akasema: "Hapa alikaa mtu wetu. Mola mrehemu."

Mtume s.a.w. ametufunza kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Lakini mtoto atamwombeaje kwa jina mtu ambaye hata jina lake hakufunzwa? Basi Idi ijayo, watakapokuja watoto kutoka mijini, wasikute uani mikeka peke yake. Wakute na daftari, na njia iliyofyekwa, na mzee anayewangoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotutangulia, tunaowajua na tusiowajua, na atuwafikishe kuwa kizazi chenye kukumbuka. Amin.